Neno Kabla ya Mshumaa

...“Kasemaje?” aniuliza mzee Randu, baba yake Karisa mume wangu, nami macho sakafuni, mke wa mtoto hamtazami baba mkwe usoni, lakini daktari huyu Mzungu atajuaje, ametukalisha magoti kwa magoti, can, can, kila swali laanza na can, anaweza kula, anaweza kulala, mkojo watoka, Mungu wangu, nimuulize baba mkwe habari za mkojo! na nimemuuliza, kwa kunong'ona, kajibu akitazama dirishani, sote twaona haya, na Karisa yuko wapi, ati kafuata chai, chai gani hiyo isiyofika, ni yeye wa kujisifu kila mahali mke wangu anajua Kiingereza, haya, Kiingereza chenyewe cha kutandika vitanda vya wageni hotelini Watamu, tulifundishwa na msimamizi wetu Phineas, maneno ya mwanzo mmoja kwa pamoja, can ni mkebe, cancel mgeni amefuta safari, candle mshumaa, na lile lililoandikwa kati ya cancel na candle je? “Ruka, hilo halihusu vyumba,” akasema, mimi na kiherehere changu nikaenda kulitafuta kwenye kamusi, cancer, saratani, na sasa daktari amelitamka, nimelisikia sawasawa, akaonyesha na mahali, chini ya kitovu, mahali ambapo mimi sina mdomo wa kupataja... “Tell him,” mwambie, asema daktari, na mzee naye, “Kasemaje, mwanangu? Mvua zikija n'taweza kushika jembe?” nami naweza kusema ni uvimbe tu, utapoa, kama kaka zangu walivyomwambia baba yangu kule Kitui, utapoa, utapoa, naye akawa ananunua mabati ya nyumba mpya, hata siku ya kukata roho aliuliza fundi amefika, lo, uchungu ule haujanitoka, kufa kama mtoto aliyedanganywa kwa peremende, mtu mzima yule! na mzee huyu ndiye aliyenipokea mwaka wa njaa, themanini na nne, ukoo ukinung'unika Karisa katuletea Mkamba, akasema huyu ni binti yangu, mkatieni ugali... daktari agonga kalamu, mzee angoja, chai haijafika, na macho yangu yameinuka yenyewe, kumbe ana kovu juu ya jicho, miaka yote hii sijaliona, na neno la kwanza litakuwa baba, na la pili sitaliruka.