Kifaa Hiki Hakiungwi Mkono

Mimi ni fundi wa kompyuta, na mdomo wangu wateja wanaujua. Lakini mama mkwe si mteja. Aliponiletea laptopu yake, ndogo kama daftari na ya bei ya kutupa, nilimeza maneno yangu nikamweleza kwa adabu kwamba mfumo wake umezeeka, walioutengeneza wameshautelekeza, na mfumo mpya mashine ile haiuwezi. Anunue nyingine.

Akanijibu kwamba mchagua jembe si mkulima. Jumamosi saa kumi alikuwa na darasa. Miaka tisa tangu astaafu wodi ya mifupa, hatimaye chuo kilikuwa kimemkumbuka: awafundishe wauguzi wapya, kwa video, kumfunga plasta mtoto aliyezaliwa na mguu uliopinda. Programu ya darasa ilikataa kufunguka kwenye mfumo wa zamani. Akishindwa, darasa lingepewa mtu mwingine, naye angerudi kumwagilia maua.

Ili kumridhisha tu, nilichomeka flashi yenye mfumo mpya. Maandishi yakatokea: "Kifaa hiki hakiungwi mkono."

Mama akavaa miwani, akasoma, akaguna. "Nani kasema hakiungwi? Mimi nimeunga mikono ya watu miaka thelathini."

Nilicheka hadi nikashika meza. Nikamfafanulia kwamba maana yake ni kuwa wenye mfumo hawakitambui. Akasema hata wodini waliletwa wengi wasiotambuliwa na mtu, na walitibiwa. Akaomba flashi, akaondoka nayo.

Jumatano nilipita kwake, na kusema kweli nilikwenda kucheka tena. Mezani palikuwa na kadi ya mgonjwa, ile ya hospitali, yenye safu za saa na joto. Jina la mgonjwa: Laptopu. Saa mbili asubuhi, imekataa. Saa nne, imepewa amri ya kuruka ukaguzi wa kifaa, ya kutoka mtandaoni, imefika asilimia kumi na nane, imezimika. Saa sita, imepumzishwa, joto limeshuka. Majaribio kumi na saba, na kila mara alibadilisha kitu kimoja tu, maana mgonjwa hapewi dawa mbili mpya kwa mpigo. Mimi na vyeti vyangu, jaribio la tatu ningeipiga ngumi. Kicheko kikanipotea.

Alhamisi mfumo mpya ukawaka.

Jumamosi, dakika tano kabla ya saa kumi, picha ilikuja lakini sauti hakuna. Mfumo ule haukukijua kabisa kifaa cha sauti. Nilihangaika hadi maji yakanifika shingoni.

"Mama, nisamehe. Hawatakusikia."

"Wananiona?"

"Wanakuona."

"Basi nipishe, mwanangu."

Akamlaza mwanasesere wa kitambaa mbele ya kamera, akaloweka bandeji ya plasta, akaanza. Hakutamka neno. Kidole gumba kilitafuta mahali pa mfupa, kikatulia, kikasukuma kidogo, kikatulia tena. Kwenye vidirisha thelathini na kimoja, mmoja baada ya mwingine, wauguzi waliweka kalamu chini wakainua mikono kumwiga. Mmoja alisukuma kwa haraka. Mama akatikisa kichwa, akarudia polepole, na wote wakarudia pamoja naye.

Saa nzima nilisimama ukutani nisithubutu hata kukohoa. Sijawahi kuona mtu akisikilizwa namna ile.