Dakika ya Ishirini na Tatu

Kwa mara ya sita tangu asubuhi, kompyuta ilifika dakika ya ishirini na tatu ya kanda ya video iliyokuwa ikiinakili, ikagoma. Simran aliitazama kama mtu anavyomtazama punda aliyelala katikati ya barabara. Alikuwa amebadilisha waya. Alikuwa amefuta harusi tatu nzima kwenye diski ili kuipa nafasi, akazima programu ya kuzuia virusi, akapitisha kanda ya kusafishia ndani ya mashine ya kuchezea kanda, akawasha na kuzima kila kitu chenye swichi. Picha zilikuwa zikiingia vizuri, wazee wakiketi, chai ikimiminwa, mzee mwenye nyumba akiwakaribisha wageni, halafu kwenye dakika ile ile kila kitu kinakatika na maandishi mekundu yanatokea.

Kutoka Milimani hadi Bondeni, watu wa harusi walijua kwamba kanda iliyomshinda Simran imewashinda wote. Sifa hiyo ilimpendeza, tusifichane. Ndiyo maana ilimuuma kushindwa mbele ya mwenye kanda.

Mwenye kanda alikuwa Becky, mwalimu wa shule ya msingi kutoka upande wa Olenguruone, aliyeketi kwenye kiti cha plastiki nyuma yake akiwa amekumbatia mkoba. Leo ilikuwa Alhamisi, na harusi yake ilikuwa Jumamosi. Kanda ilikuwa ya ruracio yake, siku wakwe walipokuja kwao kuposa, Agosti ya mwaka uliopita, 2007. Januari, katika vurugu za baada ya uchaguzi, nyumba yao ilichomwa pamoja na kila picha iliyokuwa ukutani. Februari baba yake, Mzee Karanja, alikufa kwa nimonia katika kambi ya waliofukuzwa makwao, pale uwanja wa Showground. Kanda ilipona kwa sababu Becky alikuwa ameiacha kwenye dawati lake shuleni.

"Mwenye ananioa ni Kipketer, mtu wa kabila ya wale walituchomea," Becky alisema. "Sasa unajua shida yangu. Shangazi zangu wanasema Baba angeona yenye ilitokea, hangekubali. Wanasema ile baraka alinipea iliisha na Januari. Na mimi hata sikuisikia, nilikuwa jikoni napakua chakula."

"Na wewe unataka kufanya nini?"

"Nataka kumsikia. Nikisikia aliongea tu kwa sababu wageni wako hapo, nitaambia Kipketer tungoje. Lakini wacha nisikie na masikio yangu."

Simran alikuwa karibu kumwambia kwamba kanda imeharibika, jambo ambalo mafundi husema wakichoka. Kuuliza si ujinga, lakini aliyekuwa wa kuulizwa ni Balwant, ndugu mdogo wa baba yake, aliyeipiga kanda hiyo mwenyewe. Tangu Simran arudi kutoka masomoni na kompyuta yake, Balwant alikuwa amewekwa mbele ya studio kupiga picha za pasipoti. Hakuna aliyemfukuza kwenye harusi. Aliacha tu kuitwa.

Simran akaenda mlangoni, akamwita kama Wapunjabi wanavyomwita baba mdogo. "Chacha, njoo uone kitu."

Balwant alikuja akifuta miwani kwa ncha ya shati. Wakiwa wawili huongea Kipunjabi, lakini mbele ya mgeni aliyefiwa hilo lingekuwa utovu wa adabu.

"Inakata wapi?" aliuliza.

"Ishirini na tatu. Kila saa hapo hapo."

Balwant alivuta ndevu. "Hapo ndio nilirudisha nyuma," alisema.

Simran alijua mara moja, na hasira zikampanda. Balwant alikuwa na tabia moja iliyompendeza kila mzee kuanzia Njoro hadi Molo. Mzee akimaliza kusema, Balwant humrudishia kanda nyuma amwonyeshe sura yake kwenye kile kioo kidogo cha kamera, wacheke pamoja, kisha aendelee kupiga. Lakini kamera huandika namba za muda kando ya kila picha. Ukirudisha, ukaichezesha kanda ikapita mahali palipoandikwa, namba huanza tena sifuri, na kompyuta hudhani kanda imekwisha.

"Chacha, nimekuambia mara ngapi?"

"Mingi," alikiri Balwant. "Lakini wewe hujawahi kuona mzee wa miaka themanini akijiona akiongea."

Simran aliiamuru kompyuta isizijali namba, inase chochote kinachopita. Ikavuka dakika ya ishirini na tatu. Wote watatu wakasogea mbele, na kioo kikajaa vipande vya mraba, kijani na waridi, sauti ikikwaruza kama kuku anachakura bati. Becky aliinamisha kichwa.

Balwant alikohoa. "Kuna ingine. Ilikuwa kanda ya nusu saa, inaisha, na mzee alikuwa anataka kuongea tena. Sikuwa na kanda ingine. Nikaweka ile mwendo ya polepole, ndio nafasi ikuwe kubwa."

Simran aliketi. Kanda iliyoandikwa kwa mwendo huo husomwa vizuri na kamera iliyoiandika, mara nyingi hiyo peke yake. Na kamera ya Balwant ilikuwa kabatini kwa sababu mwaka huu ilikuwa imetafuna kanda mbili za watu. Alimweleza Becky bila kuficha. Kwenye mashine hii nzuri, hatasikia kitu. Kwenye kamera ile, huenda akasikia yote, au kanda ikaliwa kabla mzee hajafungua mdomo. Hakutakuwa na mara ya pili.

"Nikiiweka hivyo tu kwa sanduku, itanisaidia nini?" Becky alisema. "Weka."

Balwant aliileta kamera akaipangusa vumbi kwa kiganja. Alizungusha kanda mbele kwenye mashine ya Simran hadi pale panapokatika, ili kamera isisumbuliwe hata kwa sekunde moja ya bure, kisha akaihamisha. Alikibana kifuniko kwa kidole gumba, akakishikilia hapo. Simran akaunga waya, akabofya.

Mara akatokea tena Mzee Karanja, safari hii akiitazama kamera. Simran alikuwa ameona maelfu ya nyuso zikiingia kwenye kioo kile, wala hakuwa na habari nazo tena. Huyu alimshika. Utepe mwembamba wa rangi ya kahawa, unaoweza kukatwa na meno ya panya, ulikuwa umebeba mwanamume mzima na koti lake na makunyanzi ya shingo yake, ukamtoa Agosti, ukampitisha katika moto na kambi na kaburi, ukamleta hapa akivuta pumzi. Simran aliona haya kwa kuwa alikuwa ameita kazi hii kazi tu.

"Huyu Singh mpiga picha amenionyesha mimi mwenyewe nikiongea," mzee alisema kwa Kiswahili, wakwe nao wasikie. "Nimeshangaa. Kumbe hii kitu itakaa na sauti yangu hata nikienda. Basi ile nilisema kwanza ilikuwa ya wageni. Wacha sasa niseme ya mtoto."

Becky alifunika mdomo.

"Becky, nimekaa hapa miaka mingi. Nimeona vita ya tisini na mbili, nimeona ya tisini na saba. Najua hii nchi yetu vile inaharibika. Ikiharibika tena na mimi sipo, watu watakuambia Karanja angebadilisha neno. Karanja hajabadilisha. Huyu kijana nimemwangalia yeye, sikuangalia kabila. Muende mjenge. Thaai."

"Thaai," uliitikia umati kwenye kanda, neno la Kikuyu la amani.

"Boma yenu ikae, mtoto wenu akae. Thaai."

"Thaai." Safari hii zilisikika pia sauti nzito za wazee wa Kipketer, zikilitamka kigeni lakini kwa nguvu.

"Na hii amani nimewapatia, siku mbaya ikikuja, isirudi kwangu. Thaai."

Kamera ikasaga. Picha ikaganda, mdomo wa mzee ukiwa bado wazi, na Balwant akaizima upesi. Utepe ulikuwa umetoka nje, umekunjamana. Simran alitazama kompyuta. Kila neno lilikuwa limeingia, hadi lile la mwisho. Jibu la watu ndilo halikuwamo.

Baraka ya namna hiyo haiachwi hewani. Aliyeishi na Wakikuyu anajua kwamba mzee akisema, waliopo huitikia, na wasipoitikia wamemkatalia. Hapo waliopo walikuwa watatu.

Balwant alisimama wima mbele ya kioo. "Thaai," alisema.

Becky alishuka kwenye kiti akapiga magoti juu ya sementi, kichwa chini, viganja wazi, kama ambavyo angepiga mbele ya baba aliye hai. "Thaai, Baba."

Simran hakuwahi kulitamka neno hilo maishani mwake. Alijisikia analisema, na machozi yakawa yanamtoka bila ruhusa. Uso wa mzee ulikuwa bado kwenye kioo cha kompyuta, ukiwatazama. Kisha Becky akajipangusa magoti, akatoa simu mkobani na kumpigia Kipketer, akamwambia Jumamosi iko palepale.