Mzee wa Pua Mbili

Fundi Saa alikuwa na mke, watoto, mama mkwe, na mzee wa shaba mwenye nyuso mbili. Ungemuuliza nani kati yao anamnyima usingizi, angekujibu, bila kuinua macho kutoka kwenye saa aliyoifungua, kwamba ni mzee.

Mzee mwenyewe alikuwa sarafu, ya enzi zile Warumi waliponunua ng'ombe kwa shaba. Ilimiminwa kwenye kalibu kama sufuria. Upana wake ni wa kifuniko cha chupa ya jemu, na uzito wa kipande cha sabuni ya kufulia. Upande mmoja kuna kichwa chenye nyuso mbili zilizopeana kisogo, kama mke na mume walionuniana kitandani. Upande wa pili, omo ya meli, ile sehemu yake ya mbele. Fundi alianza kwa kukusanya vibonge vya shaba visivyo na sura, vya zamani zaidi, ambavyo Warumi wenyewe walivipima kwa mizani. Mkewe aliviita kokoto za baba watoto. Fundi akajinyima viatu, akajinyima meno ya bandia, mpaka siku moja akampata mzee. Alikuwa wa kijani kilichokolea, ngozi laini kama ya parachichi, na ngozi hiyo ndiyo iliyomlinda miaka yote aliyolala ardhini.

Kisha mama mkwe akahamia kwao. Macho yake yalikuwa yamefifia, lakini hakuwahi kukubali kuishi nyumba moja na uchafu. Siku moja fundi akiwa kazini, mikono yake ilipapasa kabatini ikakuta kitu chenye kutu. Akaomba limau, chumvi na kitambaa, na kwa mapenzi yote ya mkwe akakisugua kutwa nzima. Fundi aliporudi alimkuta mzee mezani, anang'aa kama kitasa cha mlango wa benki.

Mkewe akamkanyaga mguu chini ya meza. Kanyago lile lilikuwa hotuba kamili: huyu ni mama yangu, haoni, na leo amefurahi. Fundi akashukuru.

"Sasa ana pua," mama mkwe akasema. "Kwanza alikuwa kama kiazi."

Tangu hapo, kila wakimaliza kula, aliomba apewe mzee wake. Alimpakata, akampapasa nyuso zote mbili na kumpa habari za nyumba, nani kafeli hesabu na nani kachoma wali. Alisema ndicho kitu pekee alichokitengeneza tangu aje. Vingine vyote anafanyiwa.

Ndipo unga ulipotokea. Ulikuwa wa kijani chepesi, umekaa kwenye ndevu za mzee. Fundi akaufagia kwa brashi ya kusafishia saa. Kesho yake ukarudi na jamaa zake. Shemeji yake, nesi, alimchunguza mgonjwa kwa lenzi, akatangaza kidonda ndugu, akauliza kama mzee anazidisha sukari. Watu wakacheka. Fundi akaifunga sarafu kwenye leso, akaipeleka makumbusho.

Mtunza makumbusho hakucheka. Alieleza kwamba chumvi imeingia ndani ya shaba, na ikipata unyevu inaitafuna. Inaweza kucheleweshwa kwa maji yaliyosafishwa, kukaushwa, na kufungiwa mahali pakavu. Kupona, hapana. Na isishikwe, maana jasho nalo ni chumvi.

"Nani huwa anaishika?" akauliza.

Fundi akasema hakuna mtu.

Jioni hiyo alimwambia mama mkwe kuwa mzee amelala. Mama mkwe akala nusu, akasogeza sahani. Kesho yake akabaki mezani baada ya kula. Alikaa ameweka mikono mapajani, viganja juu. Mguu wa mkewe ukasema yake. Fundi akafungua kopo kavu alimomfungia, akamtoa mzee, akamweka kwenye viganja vile mwenyewe.

Mambo yakaenda hivyo msimu mzima wa mvua. Kila jioni fundi alitazama kidole gumba kikitembea juu ya uso aliojinyima meno kwa ajili yake, naye akitafuna polepole upande wenye meno. Hadi kidole kikasimama.

"Baba, huyu wa kushoto pua inakwisha. Anaumwa?"

"Ni uzee, mama."

"Uzee gani, baba? Uchafu umemrudia. Niletee dawa yangu nimwogeshe."

Shemeji, ambaye hucheka hata msibani, akaangalia sahani yake. Mke akaangalia ukuta. Mguu wake akauvuta chini ya kiti.

Fundi akaenda jikoni. Lakini fundi ni fundi. Akamimina bakulini yale maji yaliyosafishwa aliyopewa makumbusho, tone la limau hakutia. Akasugua ganda la limau kwenye ukingo wa bakuli mpaka harufu ikajaa chumba. Akalibeba bakuli kwa mikono miwili, kwa heshima zote. Mama mkwe akanusa, akatabasamu. Fundi akaanza kupumua.

Kisha mama mkwe akachovya kidole, akakilamba, kama mpishi yeyote.

"Umesahau chumvi, baba."

Fundi akarudi jikoni. Kopo la chumvi lilikuwa pale pale, karibu na majani ya chai. Sebuleni mama mkwe alikuwa akimwambia mzee avumilie kidogo, dawa inakuja. Fundi akachota kijiko, akapunguza, akapunguza tena. Halafu akaukumbuka ule ulimi, akakijaza.