Ndoo ya Majike

Mama Pacha alimgeuza perege tumbo juu, akamfinya taratibu karibu na mkia, akatazama. Jike. Akamtupa kwenye ndoo kavu. Aliyefuata alikuwa dume, huyo akamtia kwenye ndoo ya maji, arudi bwawani.

Shemeji yake alisimama ukingoni, mikono nyuma. Asubuhi hiyo mwenye mgahawa alikuwa amekuja kununua samaki, akatazama visamaki vilivyotoka na wavu, akauliza kama hapa siku hizi wanafuga dagaa. Akaondoka na masanduku yake matupu.

"Si bado watoto hawa?" shemeji akasema. "Tuwape muda."

Mama Pacha akamchukua mmoja, urefu wa kidole, akambonyeza taya. Vitoto vidogo kama mbegu za nyanya, vilivyofichwa kinywani mwake, vikamwagika kiganjani.

"Huyu ni mama wa watu, shemeji. Hawakui tena hawa. Wamedumaa."

Marehemu mume wake ndiye aliyemfundisha kazi hii: bwawani wanaingia madume tu. Baada ya mazishi shemeji, kaka wa marehemu, alilichukua bwawa na kupiga marufuku kuchambua. Kuzaa ni baraka, alisema, nani anatupa baraka?

"Bwawa ni lile lile," Mama Pacha akaeleza, mikono ikiendelea. "Pumba ni zile zile. Midomo ikizidi, kila mmoja anapata cha kumweka hai, hapati cha kumkuza. Na huku wanazaa tu."

"Kama mtu fulani," akasema mama mkwe, aliyekuwa amekaa pembeni akimenya maharage. "Wenzake huzaa mmoja mmoja, yeye kwa mafungu."

Shemeji akacheka. Mama Pacha naye akacheka. Anayekaa kwa watu hucheka mwenye nyumba anapocheka.

"Sasa dawa yake nini?"

"Kupunguza. Wabaki madume, tena wachache. Hao watanenepa."

"Na majike huwaonei huruma?"

"Ukiwahurumia hawa, shemeji, unawaua wote."

Shemeji akageuza uso kuelekea nyumbani. Kutoka jikoni zilisikika kelele za watoto wake na wale pacha wa marehemu wakigombania ukoko wa sufuria. Alisikiliza mpaka mmoja akalia.

"Neno hili nimelitafuta tangu msiba," akasema bila hasira. "Nilikuwa sijui nianzie wapi. Umelisema mwenyewe, tena vizuri kuliko ambavyo ningelisema mimi. Nyumba ni ile ile. Unga ni ule ule."

Mkono wa Mama Pacha ukasimama.

"Wa kiume atabaki, ndiye mwenye jina la marehemu. Yule wa kike nenda naye kwenu."

"Mama," Mama Pacha akamgeukia mama mkwe. "Wamelala tumbo moja hao."

Mama mkwe akapuliza maganda yaliyokuwa mapajani. "Maliza kazi kwanza, mwanangu. Jua linakuchwa."

"Niondoke lini?"

"Bwawa likiisha kuchambuliwa," shemeji akasema. "Sina haraka ya kukufukuza."

Mama Pacha akainama tena. Mwanzoni alikuwa akimaliza samaki kwa kufumba na kufumbua. Sasa alimgeuza kila mmoja, akamtazama, akamgeuza tena, akamtazama upya.

"Mbona mkono umekuwa mzito?" mama mkwe akauliza.

"Jike mmoja akiponyoka, mama, tunarudi pale pale."

Shemeji akavua viatu, akakunja suruali, akachuchumaa kando yake. Akachukua perege mmoja, akamgeuza tumbo juu, akafinya kama alivyoona. Alichukua muda wake.

"Jike, au nakosea?"

Mama Pacha akatazama. Alitamani sana shemeji awe amekosea.

"Jike."

Shemeji akamtupa kwenye ndoo kavu, akachukua mwingine. Dume. Akapatia tena. Giza lilipoanza kuingia walianika wavu. Zaidi ya nusu ya bwawa ilikuwa haijaguswa, na maji yake yalichemka kwa midomo iliyokuja juu kutafuta pumba.

"Kesho nitawahi," shemeji akasema, akijifuta mikono kwenye nyasi. "Wawili tutalimaliza bwawa upesi."