Waya wa Kwenda Chumba cha Shangazi

Shangazi alikuwa kiziwi tangu utotoni, lakini kwa kupiga soga hakuna aliyemfikia nyumba nzima. Soga zake zilikuwa mikononi. Akianza kusimulia mambo ya wateja wake wa cherehani, unaweza kuacha sufuria iungue jikoni ukimtazama.

Aliyemfaidi zaidi ni binti wa kaka yake, msichana ambaye watu wa nyumbani walimwita Kimya. Mbele za watu ulimi wake ulikuwa mzito. Mgeni akimwuliza habari, yeye hutazama vidole vyake vya miguu kana kwamba jibu limeandikwa huko. Lakini alipoletwa kwa shangazi kujifunza ushonaji, alijifunza na ile lugha ya mikono, na ndipo shangazi akagundua kwamba mtoto huyu ana maneno tele, ila mlango wake uko kwingine. Akampa jina la ishara: vidole viwili vikidonoadonoa karibu na mdomo. Chiriku.

Msichana hakuisahau fadhila hiyo. Kuna watu hupewa nyumba, wengine hupewa shamba. Yeye alipewa mahali pa kusemea.

Sasa shangazi alikuwa ameteleza penye kufulia na kuvunjika mguu. Chumba chake kiko nyuma, ng'ambo ya ua, na daktari alimkataza kukanyaga. Nyumba ya mbele wanaishi baba mdogo, ambaye ni seremala, na mkewe. Ruta, kile kisanduku cha kurusha mtandao, iko huko, sebuleni, kando ya televisheni. Mpaka mtandao uvuke kuta na ua, unafika kwa shangazi umechoka hoi.

Mtu anayesikia, picha ikikwama kwenye simu, huendelea kuongea kwa sauti. Kwa shangazi, picha ikikwama ni kama mtu amezibwa mdomo. Na yeye alikuwa na sahiba yake, kiziwi mwenzake tangu shuleni, ambaye aliolewa nchi ya mbali. Kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana walikuwa wakiongea kwa simu ya video, shangazi amekaa sebuleni, na hakuna aliyethubutu kupita mbele yake. Tangu mguu uvunjike, sahiba alionekana mikono imeganda hewani, kisha kiza.

Jambo lenyewe halikuwa dogo. Sahiba vidole viwili vya mkono wa kulia vilikuwa vimejikunja, havikunjuki tena, na maneno yake yameanza kuwa na kigugumizi. Jumatatu angepasuliwa. Baada ya hapo mkono utafungwa wiki nyingi, na daktari hakuahidi kwamba vidole vitarudi kama zamani. Kwa hiyo hii Jumamosi ndiyo ilikuwa ya mwisho kabla ya kisu.

Kimya ndiye aliyekwenda kwa jirani, yule waliyemwita Fundi Dishi kwa sababu maisha yake yako juu ya mapaa ya watu. Alisimama mlangoni pake hadi fundi mwenyewe akamhurumia na kuanza kubahatisha. "Dishi? Rimoti? Mtandao? Ahaa, mtandao!" Akatoa ruta ya zamani iliyokuwa imelala kabatini, na waya mrefu.

Akaja nayo nyumbani, akaketi sebuleni akibonyeza simu yake.

"Tazama, mdogo wangu," alisema. "Kila simu ikiingia humu ndani inapewa namba yake. Mgawaji namba awe mmoja tu, hii ruta ya kwanza. Wakiwa wawili watagombana, na nyumba nzima mtakosa. Kwa hiyo hii ya pili naizima ugawaji, naipa anwani tofauti, naiachia jina lilelile na neno la siri lilelile. Waya unatoka kwenye tundu la njano hapa, unaingia tundu la njano kule. Si lile la bluu. Taa ya tundu ikiwaka, mmeshapona."

Waya ukatandazwa uani. Taa ikawaka. Chumba cha nyuma picha ikafunguka safi, na shangazi akamshika Fundi Dishi mikono yote miwili, akakataa kuiachia, mpaka mama mdogo akasema, "Wifi, mwachie mwenzio, ana mke!"

Yote yangeishia hapo, lau si unadhifu wa baba mdogo.

Yeye ni mtu asiyeweza kuona kitu kimepinda akalala. Jioni iliyofuata, Ijumaa, shangazi akiwa amesinzia, alirudi kutoka karakana iliyo penye lango akaukuta ule waya umejilaza uani kama mlevi. Akachukua vipande vyembamba vya mbao, akavipiga randa, akaupandisha waya ukutani, akauficha chini ya mbao hizo na kuzigongelea misumari midogo mmoja baada ya mwingine. Kazi ikapendeza. Mama mdogo akaita majirani waje kuona.

Jumamosi ikafika. Chakula kikaliwa. Shangazi alikuwa amevaa blauzi ya rangi moja iliyokoza, ili mikono ionekane vizuri, na amepakwa mafuta. Simu ilionyesha mtandao umejaa pomoni, lakini hakuna kilichofunguka. Wakazima, wakawasha. Hola. Kimya alitazama ruta ya chumbani: taa ya tundu la njano haikuwaka. Akampigia Fundi Dishi. Hapatikani.

Shangazi alingoja kidogo, kisha akasema kwa mikono, polepole, "Acha tu, Chiriku. Mwandikie kwamba nimelala."

Akaikunja mikono kifuani. Msichana alikuwa hajawahi kuiona imetulia hivyo.

Akaichomoa ruta, akakimbia nayo sebuleni, akaiunganisha na ile ya kwanza kwa waya mfupi aliouchomoa kwenye televisheni. Taa ikawaka. Basi ruta ni nzima, na aliyekufa ni yule waya mrefu. Akaufuata ukutani, mkono juu ya mbao laini, mpaka kwenye kona ya bafu. Hapo mbao ilikuwa imekunja kona, na msumari mmoja umekaa katikati kabisa, mahali waya unapopita.

Akaelekea langoni. Baba mdogo hakuwa mkali, ila kazi yake haikosolewi. Na karakanani alikuwa na mteja, mama mmoja aliyekuja kukagua kitanda chake, mdomo kama redio.

"Nini, Kimya?" baba mdogo alisema bila kuinua macho. "Sukari imeisha?"

Akatikisa kichwa.

"Mama yako mdogo ananiita?"

Akatikisa tena. Mikono yake ilikuwa tayari imeshasema kila kitu, lakini baba mdogo, ingawa shangazi ni dada yake wa tumbo moja, alijua ishara za "kula", "njoo" na "nimechoka" tu. Msichana akapiga moyo konde.

"Baba mdogo," alisema, na sauti ikatoka kubwa kuliko alivyoikusudia, "msumari wako umetoboa waya wa shangazi!"

Mwenye kitanda aliangua kicheko. "Fundi! Kumbe na intaneti unaigongelea? Hebu niangalie kitanda changu vizuri!"

Baba mdogo aliweka randa chini. "Wapi?"

"Kona ya bafu. Na sahiba yake anapasuliwa mkono Jumatatu."

Baba mdogo aliinuka. Alichukua nyundo na koleo akatangulia. Zile mbao alizozilainisha kwa upendo alizing'oa mwenyewe, zikapasuka, akazitupa. Msumari ulikuwa umepita katikati ya waya.

"Kwa shabaha hii," alinung'unika, "ningekuwa mwindaji."

Wakachuchumaa. Ndani ya waya mna nyaya nyembamba kama nywele, kila moja na rangi yake. Vidole vya baba mdogo vilikuwa vikubwa ila vyepesi. Macho ndiyo yalimwangusha.

"Hii nini?"

"Chungwa."

"Na hii?"

"Nyeupe yenye mstari wa kijani. Hapana, baba mdogo, siyo hiyo, hiyo ni ya bluu!"

"Leo una mdomo wewe," alisema, lakini alikuwa akitabasamu.

Walisokota rangi kwa rangi, wakazungushia utepe mweusi. Kimya akairudisha ruta chumbani, akachomeka, akakodoa macho. Taa ikawaka.

Sahiba alipokea hapohapo, kama aliyekuwa amekaa na simu mapajani. Mikono ya shangazi ikafunguka. Waliongea wote wawili kwa pamoja, wakagombana nani aanze, wakacheka.

Baba mdogo alisimama mlangoni, vumbi la mbao nyusini. "Wanasema nini?"

"Sahiba anasema anaogopa kuamka na kukuta hasemi tena." Kimya akatazama. "Shangazi anamwambia atumie mkono wa kushoto. Waanze kujifunza leo, sasa hivi, wakiwa bado wanaelewana."

Kwenye simu, mkono wa kushoto wa sahiba ukainuka, ukasitasita hewani kama mtoto anayeanza kutembea. Ukasema kitu. Shangazi akashika mbavu, akacheka hadi kitanda kikalia.

"Sasa nini tena?"

"Alitaka kusema 'asante'. Amesema 'mbuzi'."

Baba mdogo alicheka naye. Akavuta kigoda cha cherehani, akaketi karibu na kitanda cha dada yake mahali anapoweza kuona mikono yote.

"Na 'asante' yenyewe," alimwuliza Kimya, akiinua mkono wake wa kushoto, "inasemwaje?"