Hoteli ya Ndugu Watatu

Nyumba ya kwanza waliirithi, ya pili waliipata kwa ngumi, na zilizobaki zilifuata nyayo za ile ya pili. Watu wa mtaa wa Majengo siku hizi hawapendi kuyasema hayo, lakini Kulsumu hakuwahi kujidanganya. Yeye ndiye aliyeloweka mashati ya ndugu zake yaliporudi na damu, akajifunza kwamba ya puani hutoka upesi kuliko ya kichwani.

Ruksa ya biashara ilipotangazwa, malori yakaanza kupishana kwenda mpakani na wasafiri wakakosa pa kulala Sumbawanga. Zubery, kifungua mimba, akaligeuza ghala la marehemu baba yao kuwa gesti ya vyumba sita, akaandika ukutani Ndugu Watatu Hoteli: yeye, Kulsumu, na Shamsi kitinda mimba. Kule Namanyere, Leonardi mwenye nyumba alipokataa kuuza, Zubery alimvunja mkono mbele ya mkewe, kisha akamtumia mbuzi wa pole. Ng'ambo ya mpaka, Mpulungu, mtu aliwazuia wasijenge, Shamsi akamtoboa jicho kwa chupa. Mbala hawakumpiga mtu, maana habari zao zilikuwa zimetangulia. Zikawa hoteli nne katika nchi mbili, na Kulsumu alishika funguo za Majengo, akala, akavaa, akanyamaza.

Alichokitaka ni kimoja tu: ndugu zake wazeeke wakiwa hai na wakiwa kitu kimoja. Zile ngumi zote zilikuwa za kupigia watu wa nje. Aliogopa siku zitakapogeukia ndani.

Nyumbani mwao mlikuwa na mwiko ulioachwa na mama yao, kwamba neno mwizi halipazwi. Blanketi la chumba namba nne likipotea, ilisemwa blanketi limesafiri, na mhudumu aliyesahau akachapwa mdomo kwa mwiko wa ugali. Mama hakuwa mjinga. Gesti ilikuwa hatua chache tu kutoka sokoni, na sokoni neno hilo si tusi, ni hukumu. Ukilipaza, hakuna atakayekuuliza kaiba nini.

Jumamosi moja ya Julai mwaka tisini na tatu, baridi ya Ufipa ikikata masikio, Zubery alirudi baada ya kukaa Zambia miaka miwili. Alikuwa amekonda, amefuga ndevu, amevaa suti ya kule. Wakati wa chai ya saa nne akawaambia kwamba amefungua hoteli ya tano, Kasama, na kwamba bango la huko linasomeka Zubery Hoteli. Wageni wa Kasama, alisema, hawana habari na ndugu watatu. Na haya mabango mengine nayo yatapakwa upya, jina liwe moja.

Shamsi aliweka kikombe chini.

"Nilimtoa mtu jicho kwa ajili ya jina lile," alisema.

Zubery akamjibu kwamba kwa jicho hilo ameshalishwa na kulazwa bure miaka mingi, anyamaze. Kulsumu aliinuka kuingia kati, akachelewa. Shamsi alinyakua birika na kulimwagia shingo ya kaka yake, na Zubery, ngozi ikimbambuka, akampiga kichwa cha mdomo hadi meno mawili yakadondoka mezani. Waliviringishana wakavunja kiti, wakavunja dirisha, wakatokea barazani. Kulsumu aliwavuta, akapigwa kiwiko cha jicho. Hatimaye Zubery alijinasua, akakamata begi lake la hati na kutoka mbio kuelekea lori lake, upande wa pili wa barabara.

Hapo ndipo Shamsi, mdomo umejaa damu, alipopaza sauti.

"Mwizi! Mwizi huyo! Kaiba jina letu!"

La jina halikusikika, meno hayakuwepo. Lililosikika ni lile la kwanza. Wauza maharage kutoka Kasense waliacha madebe yao, wapagazi wakatupa mizigo, na nusu ya vijana waliotimua mbio walikuwa wameletwa mjini na biashara, hawakuwahi kumwona Zubery. Waliona mtu mwenye ndevu anakimbia na begi, damu kwenye kola. Jiwe la kwanza lilimpata gotini. Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime. Siku ile majembe yalichukuliwa kweli, na hayakupelekwa shambani.

Kulsumu alikimbia akilia kwamba huyo ni kaka yake. Nani angemsikiliza? Kila mwizi ana dada anayelia. Walimsukuma akaanguka mtaroni. Shamsi aliwavamia kwa mikono mitupu, akapigana kuliko alivyopigana maisha yake yote, akang'ata, akavunjwa vidole. Alipomfikia kaka yake, jembe lilikuwa limeshafika.

Kelele zilikatika. Mboje, mfugaji wa Kisukuma aliyekuja kuuza ngozi, alisimama akiegemea fimbo na kuuliza: "Nani kaibiwa?"

Bertilla, fundi cherehani wa jirani, aliinama, akamtazama marehemu, akasema kwamba huyu ni Zubery mwenye hoteli, na hapa ni mlangoni kwake.

Kulsumu aliona macho yanaanza kutembea. Aliwajua watu. Waliokwisha kuua asiye na hatia humtafuta wa kumtwika lawama, na mawe yalikuwa bado mikononi. Manong'ono yalipita: nani aliita? Shamsi, kichwa cha kaka yake kikiwa mapajani, alifungua mdomo ili aseme ni yeye. Kulsumu akauziba kwa kiganja.

Askari wawili walifika wakihema. Kulsumu akamsogelea mkubwa wao, akamwonyesha Shamsi kwa kidole, akasema kwa sauti ya chini:

"Aliyepiga kelele ni huyu mdogo wangu. Mtie pingu sasa hivi, muondoke naye, na msiseme kwa nini."

Askari aliyatazama yale mawe, akaelewa. Shamsi alihisi chuma mkononi, akainua uso, akaona kidole cha nani kilikuwa kimemwelekea.

"Umeniuza, dada," alisema.

Hakumjibu. Jibu lingesikiwa na watu mia tatu. Aliwatazama mpaka walipokata kona.

Shamsi alifungwa miaka saba. Kulsumu aliendelea na hoteli zote tano, za huku na za ng'ambo, na kila Ijumaa alimpelekea chakula gerezani. Walikila askari wa zamu, maana Shamsi aliwaambia hana dada.