Njia ya Baiskeli Katikati ya Matete

Marcelline alikuwa amefundisha jiografia miaka kumi na moja kule Uvira, Kongo, kabla ya vita kumfukuza, lakini chuoni Durban, alikopata kazi ya kusafisha ofisi, hakuna aliyewahi kumuuliza. Kila asubuhi alitoka mtaa wa Cato Manor kwa baiskeli, akateremka hadi mtoni, akafuata kijia kando ya maji mpaka lango la nyuma. Kwa hiyo chuo kilipotangaza majengo mapya kando ya mto, yenye njia ya baiskeli na hifadhi ya viumbe, alikwenda kusikiliza akiwa na aproni yake ya kazi.

Aliyeletwa kueleza ni mpangaji miji mmoja, Waseem, mzaliwa wa hapo hapo Durban. Alivaa viatu vyeupe. Marcelline alivitazama viatu hivyo akaona hakuna haja ya kumtazama mwenyewe. Ukutani kulikuwa na picha ya wanafunzi juu ya baiskeli: hakuna aliyetoka jasho, hakuna aliyefunga mzigo nyuma. Mto ulikuwa wa buluu. Kwa miaka tisa aliyoupita hakuwahi kuuona wa buluu.

Aliuliza njia itapita wapi. Waseem akaonyesha katikati ya matete, ili watu wawe karibu na asili.

"Na ndege wanaokaa humo?"

"Tutaweka mabango ya kuwaelezea, mama."

Wakubwa wa chuo wakaandika jibu hilo kana kwamba kuna kitu kilichosemwa.

Kikao kilipoisha Waseem alimfuata mlangoni, sasa akisema Kiswahili alichoachiwa na bibi yake. "Mama, nasikia waja kazini kwa baiskeli. Naomba picha yako kwa ripoti. Twahitaji mtumiaji."

"Picha utapata. Alhamisi saa kumi na mbili asubuhi unikute kwenye daraja. Na baiskeli yako."

Waseem alifika amechelewa dakika ishirini, juu ya baiskeli ya kuazima yenye kiti kilichoshushwa mno, magoti yakikaribia kidevu. Marcelline aliona kasoro hiyo na hakumwambia. Alitangulia, wala hakumsubiri. Walipofika kwenye matete kijia kiligeuka tope, Waseem akashuka na viatu vyake vikazama. Minana, wale ndege wa matete, walikuwa wakisuka viota, makelele yao yamejaa kote. Marcelline akanyoosha kidole juu. Kwenye panda ya mti, juu kabisa ya vichwa vyao, mfuko wa plastiki ulikuwa umenasa.

"Nani aliuweka kule?"

"Maji. Yale mafuriko ya mwaka wa ishirini na mbili. Hapa unasimama, njia yako ingekuwa chini ya maji mita tatu."

Waseem aliutazama mfuko, kisha akapima kwa macho hadi chini. "Eish. Kwenye ramani hatukuliona hili."

"Muliichora mukiwa wapi?"

"Ofisini. Kule Umhlanga, nje ya mji."

Marcelline alimwacha ampige picha yake, akaenda kazini. Lakini kule kukiri kwa kijana kulimpendeza, na siku hiyo alimwambia Benedicta, mlinzi wa lango, kwamba huenda yule iko na akili.

Mwezi uliofuata ripoti ilitoka. Njia ilikuwa imehamishiwa juu, kando ya barabara. Ndani ya matete sasa palichorwa mkahawa wa mbao juu ya nguzo, wa kutazamia ndege. Ukurasa wa nne alikuwapo Marcelline na baiskeli yake, na chini yake maneno: mfanyakazi akiunga mkono mradi. Alidharau mkahawa, akadharau picha, lakini kilichomuudhi zaidi ni kwamba alikuwa amemsifu mtu huyo mbele ya Benedicta.

Umma ulikuwa umepewa siku thelathini za kutoa pingamizi. Marcelline aliisoma ripoti yote, kazi ambayo ni wazi hata walioiandika hawakuifanya, kwa sababu ukurasa wa thelathini na moja uliahidi kwamba hakitajengwa kitu ndani ya mita thelathini kutoka kwenye maji. Saa ya chakula yeye na Benedicta walichukua futi ya kamba, wakapima kutoka ukingoni hadi vigingi vilivyokwisha kuchomekwa mahali pa mkahawa. Mita kumi na nne. Wakahesabu viota: themanini na sita. Marcelline aliandika ukurasa mmoja, akaongeza kwamba haungi mkono chochote, akaupeleka mwenyewe manispaa.

Baada ya wiki sita manispaa iliagiza mkahawa uondolewe kwenye mpango na matete yazungushiwe uzio, wajenzi wasiyaguse. Waseem akapiga simu.

"Mama, umetuumbua."

"Mulijiumbua wenyewe, ukurasa wa thelathini na moja."

Alicheka, cheko la mtu asiye na pa kujificha, kisha akamwomba aingie kwenye kamati ya mradi. "Jumanne, saa nne asubuhi. Malipo hakuna, lakini chai iko."

"Saa nne niko nasafisha ofisi. Muweke saa kumi na moja jioni, ao mukae na picha zenu."

Mwaliko ulikuja, saa kumi na moja. Marcelline aliusoma mara mbili akitafuta upumbavu, akaridhika alipokuta jina lake limeandikwa vibaya.

Alikwenda. Jambo la kwanza kujadiliwa lilikuwa rangi ya nembo ya mradi. Alivumilia dakika kumi, kisha akasema wafungue ramani ya mifereji ya maji ya mvua. Hakuna aliyekuja nayo. Waseem ndiye aliyeinuka kwenda kuitafuta.